Dago la kina mama: miaka hamsini si umri wa kujifungia ndani



Wengi mnaotusoma ni mabiharusi, wa juzi au watarajiwa, na mazungumzo yetu ya kawaida ni hina, singo, udi, nguo za harusi na namna ya kuanza maisha na mume. Leo tunaomba ruhusa tumzungumzie mtu ambaye siku ya harusi hupigwa picha tatu kisha akarudi jikoni kuuliza kama wageni wote wamekula. Tunamzungumzia mama wa biharusi.

Sisi tunaoandika haya ndio hao. Tuko saba, mdogo wetu ana miaka 44 na mkubwa ana 58. Tumejuana kwenye visomo na kwenye kupika sherehe za watu. Watano kati yetu tumeozesha mabinti, na kila mmoja anaijua ile wiki ya baada ya harusi. Masufuria makubwa yamerudishwa kwa majirani, turubali limefunguliwa, jamaa wa Pemba na wa Dar wamepanda boti. Mama anabaki na chumba chenye kabati tupu na harufu ya udi. Wavuvi wana neno kwa chombo kilichoachwa mchangani maji yakakimbia: kimepwelewa. Basi mama naye hupwelewa.

Akipwelewa hukaa. Asubuhi barazani, mchana kitandani, jioni mbele ya tamthilia ya Kituruki. Mwili unaongezeka, magoti yanaanza kusema, presha inapanda, sukari inafuata nyuma yake. Daktari anamwambia atembee, naye anatembea kutoka jikoni mpaka ukumbini. Tunasema haya bila kumcheka mtu, maana tulikuwa hivyo hivyo.

Swali lililotutoa ndani

Jioni moja baada ya kisomo mmoja wetu aliuliza: "Hivi nyinyi, mara ya mwisho mmelala nje, juu yenu hakuna dari, ilikuwa lini?" Tukanyamaza. Wawili walikumbuka utoto wao Pemba, msimu wa karafuu. Mmoja, aliyejaaliwa kuhiji kabla ya korona, akasema: "Mimi Muzdalifa."

Neno hilo likatukaa. Mwenzetu huyo alilala Muzdalifa juu ya mkeka, mawe madogo yakimchoma ubavu, huku na huku amezungukwa na wanawake asiowajua kutoka nchi asizowahi kuziona. Anasema alitazama juu akaona kwamba miaka mingi amekuwa akiangalia bati na feni tu. Tukajiuliza: ikiwa ibada yetu kubwa ina usiku wa kulala chini ya mbingu, na ina siku za kukaa katika mahema ya Mina, nani alituambia kwamba hema ni mambo ya watalii?

Tukaamua kwenda kulala pwani usiku mmoja. Tukachagua upande wa Bwejuu, kwa sababu mmoja wetu ana jamaa kule na jamaa huyo alituombea ruhusa kwa sheha. Tukaazima mahema mawili, tukabeba mikeka, majamvi, vyandarua, seredani, birika na deli la barafu. Kaka wa mwenzetu na vijana wetu wawili walikubali kufuatana nasi na kulala kwenye gari, mbali kidogo chini ya minazi, ili tuwe na watu wetu karibu.

Habari ikaenea kabla hatujafunga mizigo. Mtoto wa kiume wa mmoja wetu alimwambia: "Mama, umri huu?" Jirani akasema tumekosa kazi. Shemeji mmoja akauliza kama tumegombana na waume zetu. Na mwenzetu mmoja hakuja, kwa sababu mumewe hakuridhia. Hatukumsema mume wala mke. Tuliondoka sita.

Bahari ilituamsha

Tulichagua usiku wa mwezi mpevu, tukijiona wajanja, maana mbalamwezi itatutosha taa. Tulifika alasiri tukakuta bahari imejaa. Tukapika na kula juu, chini ya minazi, na tulipomaliza maji yalikuwa yamekimbia na kuacha mchanga mweupe, mlaini, umesawazika kama shuka iliyopigwa pasi. Tukateremka tukatandika hapo. Tulikula muhogo wa kuchoma na pweza wa nazi, tukanywa chai ya tangawizi, tukacheka mpaka kaka yetu akatuma kijana aje kuuliza kama tuna salama. Kisha tukasali Isha jamaa.

Hapo tuliona jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona, na sisi ni watu wa kisiwani. Kibla chetu Unguja kinaelekea kaskazini. Ukisimama kusali kwenye ufuo wa mashariki, bahari yote iko mkono wako wa kulia. Unasoma Fatiha na wimbi linajibu pembeni. Mmoja wetu alilia kwenye sijda, na alipoulizwa alisema hajui analia nini.

Mwenzetu mwingine yuko katika umri wa kukoma hedhi. Nyumbani huamka mara nne kwa siku ile joto inapompanda, akatupa shuka, akafungua dirisha, akakaa kitako mpaka joto lipite. Usiku ule upepo wa bahari ulimpuliza akalala kama mtoto mchanga. Angalau mpaka saa kumi.

Saa kumi za usiku maji yaliingia kwenye hema la kwanza.

Yaliingia bila kelele, baridi, yakachukua ndara zetu, yakalowesha mikeka yote. Tukatoka mbio tukivuta mahema, mmoja amekumbatia birika, mwingine anatafuta miwani. Vijana walikuja na tochi wakitaka kucheka na wakiogopa kucheka. Tuliishia juu kwenye minazi, tumelowa, tunatetemeka, na nusu saa baadaye mmoja akasema: "Kwa kuwa tumeshaamka, tusali tahajudi." Tukasali. Alfajiri ikachomoza mkono wa kulia, kutoka baharini, na sote tulikuwa macho kuiona.

Asubuhi, maji yalipotoka, alipita bibi mmoja wa kijijini akienda kwenye mwani wake, kamba begani, kanga imefungwa kiunoni. Alituona tunaanika majamvi akasimama.

"Wanangu, mlilala wapi?"

Tukamwonesha.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Na mwezi umejaa! Huo mstari wa mwani mkavu mmeuona? Maji yaliandika hapo. Nyinyi mkalala chini ya maandishi."

Akatufundisha kwa dakika tano jambo ambalo shule haikutufundisha. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama mpya, ndio bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana. Siku za bamvua upande wetu huu maji hujaa karibu na saa kumi, jioni na usiku, na hutoka katikati ya asubuhi, ndiyo maana yeye anakwenda shamba lake la baharini wakati huo. Katikati ya mwezi na mwezi ni maji mafu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kisha akatuuliza: "Na hapa mnalipwa kwa kulala?"

Tukamwambia hapana, tumekuja kupumzika tu. Akatutazama mmoja mmoja kwa huruma, akatuombea kheri, akaenda zake.

Hili ni letu tangu zamani

Swali la bibi yule limetufikirisha. Kwake kulowa si burudani. Kilimo cha mwani kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na tangu hapo wakulima wengi wake ni wanawake. Wao wako nje kila bamvua, jua kali au upepo, migongo imepinda na maji magotini. Kwa hiyo mtu asije akatwambia kwamba mwanamke wa Kizanzibari kuwa nje ni mambo ya kuiga. Mwanamke wa shamba hakuwahi kuingia ndani. Ni sisi wa mjini tuliojifungia, kisha tukaita kujifungia kwetu utamaduni.

Wavuvi wanaposafiri kufuata samaki na kupiga kambi pwani ya ugenini wanasema wamekwenda dago. Misali, kile kisiwa kidogo cha magharibi ya Pemba, kinajulikana kwa madago ya wavuvi. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika huko akataka msala wa kusalia, akaambiwa hakuna, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, na ndio asili ya jina. Iwe ni hadithi ya wazee au zaidi ya hadithi, ina adabu nzuri ndani yake: aliyekosa msala hakuacha kusali, na ardhi ilimtosha.

Wanaume walikuwa na dago, na wanawake walikuwa na kambi za karafuu. Wale wenzetu wawili wa Pemba wanakumbuka familia nzima ikihamia shamba msimu wa mavuno, mama zao wakichambua karafuu usiku kwa taa ya mafuta, watoto wakilala juu ya majamvi vibandani. Tunakumbuka pia kuvunja jungu kabla ya Ramadhani, watu wa mjini wakibeba vyakula kwenda ufukweni. Kulala nje kumo katika damu yetu. Tulichokiongeza sisi ni hema la zipu tu, na zipu yenyewe haikuzuia maji.

Je, stara?

Hili ndilo swali tuliloulizwa zaidi, na linastahili jibu la heshima kwa sababu ni swali letu pia.

Stara ni namna ya kuvaa, ya kusema, ya kuchanganyika na watu. Haijawahi kuwa ukuta wa matofali. Tukisai baina ya Safa na Marwa tunafuata nyayo za Bibi Hajar, mwanamke peke yake jangwani, akikimbia kumtafutia mwanawe maji. Kila mkondo ni kama mita 450, na mara saba hupita kilomita 3. Mamilioni ya wanaume, wafalme na maskini, wanatembea alipotembea mwanamke aliyekuwa nje. Na yule mwenzetu haji anasema kilichomsumbua zaidi Makka ni miguu. Alikwenda na moyo tayari na magoti hayakuwa tayari. Alisai kwa kiti cha kusukumwa, na mpaka leo linamuuma. Tunaweka akiba ya nauli ya Hija miaka 20, na hatuweki akiba ya miguu.

Masheikh wetu wanatusimulia pia habari ya Bibi Aisha (r.a.) kushindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini. Mara ya kwanza, akiwa mwembamba, alishinda yeye. Baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamwita tena washindane, akamshinda, akamtania kwamba hii ni malipo ya ile. Sisi tunaipenda hadithi hii kwa sababu ya mara ya pili. Aliongezeka mwili, na bado aliitwa akimbie. Hakuambiwa umri na umbo lake vimeshapita.

Kwa mambo ya hukumu, kila mmoja amuulize sheikh anayemwamini, khasa juu ya safari ndefu na mahram. Sisi tulijiwekea mambo yetu. Hatuendi bila watu wetu wa kiume karibu. Mwenye mume haendi bila mumewe kuridhia. Hatupigi picha za wenzetu wakiwa wamelala au wamelowa, na tulichokicheka pwani kinabaki pwani, isipokuwa hiki tulichokubaliana kukisimulia. Sala hatupunguzi, kwa sababu kutoka Mjini hadi ncha yoyote ya Unguja masafa hayafiki. Udhu tunatia kwa maji ya bahari, na tumefundishwa tangu chuoni kwamba maji yake ni tohara. Na kuna neema moja ya umri huu tunayoisema kwa upole: waliokoma hedhi miongoni mwetu hawana tena siku za kukosa Sala. Usiku wa pwani wote ni wao.

Tumetubia jambo moja pia. Tumefundishwa kufunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Usiku wa Bwejuu tulitawakali bila kumuuliza mtu saa ya maji. Kosa halikuwa kutoka nje. Kosa lilikuwa kutoka bila kumuuliza mwenye kujua, na mwenye kujua alikuwa bibi wa mwani, nyumba tatu kutoka tulipolala.

Kuogelea ukiwa na miaka 47

Baada ya maji kutuvamia, mmoja wetu alisema jambo lililotunyamazisha kuliko lile la Muzdalifa. Alisema: "Yangekuwa mengi zaidi kidogo, ni nani kati yetu angeogelea?" Hakuna. Wanawake sita waliozaliwa wamezungukwa na bahari.

Nyote mnakumbuka Septemba 10 mwaka 2011, Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba. Mnakumbuka Julai 2012, Skagit ilipopinduka karibu na Chumbe. Hakuna nyumba katika visiwa hivi isiyojua mtu aliyeguswa. Wengi waliokwenda walikuwa kina mama na watoto, Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Hatusemi kwamba kujua kuogelea kungemwokoa kila mtu, bahari ya usiku ina nguvu zake na ajali ina sababu zake. Tunasema kwamba tumekaa miaka mingi baada ya misiba ile na bado tunapanda boti tukitegemea dua peke yake.

Basi watatu kati yetu tukaanza kujifunza. Mkubwa alikuwa na miaka 52 na mdogo 47. Mwalimu wetu ni binti mwenye umri wa watoto wetu. Huko Nungwi mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya stara, na wasichana waliojifunza wakawafundisha wenzao. Binti wetu si wa mradi ule, lakini ni wa kizazi kile, kizazi ambacho bahari haiwatishi. Tunamwita mwalimu, naye anatuita mama, na akituamrisha tunatii.

Vazi lilitusumbua mwanzoni. Usiingie majini na buibui, dada. Likilowa huwa zito, hukuvuta chini na hukufunga miguu. Suti ya kuogelea ya stara ipo, na aliyeibuni mwaka 2004 ni Aheda Zanetti, mwanamke Mwislamu wa Australia. Ikiwa bei yake inakushinda, fundi wako anaweza kukushonea suruali na kanzu fupi ya mikono mirefu kwa kitambaa chepesi cha michezo, na ushungi wa kubana wa kitambaa hicho hicho. Sisi tulishonesha.

Somo la kwanza lilikuwa kuelea. Mwalimu anakuwekea mkono mgongoni, anakwambia legeza shingo, jaza mapafu, acha. Mwenye miaka 52 alishindwa wiki tatu. Kila akilala juu ya maji alikaza mwili mzima kama anayesubiri kuitwa jikoni. Wiki ya nne aliacha, akaelea, na alipoinuka alisema: "Sikujua kwamba miaka yote hii nilikuwa nimekaza." Leo anaogelea mita 30 bila kugusa chini. Kwa kijana si kitu. Kwake ni kutoka hapa mpaka boti.

Ukitaka kuanza

Usianze na hema. Anza na miguu. Nenda Jozani na mashoga zako asubuhi moja. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, watalii wanapanda ndege kuja kuwaona kima punju, na sisi wengine tunakaa nusu saa ya daladala na hatujawahi kuwaona. Tembeeni msituni, kisha mpite ile njia ya mbao katikati ya mikoko. Mkirudi bila kulalamika sana, fikirieni usiku wa nje.

Msiende masika. Kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti, ndiyo hewa nzuri, ila mchukue blanketi, maana kusi linavuma. Ombeni ruhusa kwa sheha. Ulizeni maji. Lalani juu ya mstari wa mwani mkavu, mbali juu yake, na msilale chini ya mnazi wenye nazi. Mwenye dawa za presha au sukari azibebe na amwambie mwenzake anazitumia vipi. Chukueni viatu vya mpira vya kutembelea miambani, dawa ya mbu na tochi ya kila mtu. Takataka zote mrudi nazo, kwa sababu mnapolala ni shamba la mtu.

Na ikiwa mume hajaridhia, usigombane naye. Yule mwenzetu ambaye hakuja mara ya kwanza, mumewe alisikia habari ya mahema kuelea akacheka sana, kisha akauliza maswali mengi mno kwa mtu asiyetaka kujua. Mara ya pili alikuja mwenyewe. Alilala kwenye gari na kaka yetu, akavua samaki alfajiri, na yeye ndiye anayeuliza sasa mwezi utakuwaje wiki ijayo.

Neno kwa biharusi

Sasa tuna neno nawe, mwanetu.

Ukishamaliza fungate, ukishatulia kwenye nyumba yako, mama yako atakupigia simu kukuuliza umepika nini. Haulizi chakula. Amepwelewa, na hajui namna ya kusema. Usimjibu kwa haraka ukakata. Na siku akikwambia kwamba yeye na wenzake wanataka kwenda kulala pwani, au kwamba anataka kujifunza kuogelea, tafadhali usimwambie "umri huu?" Maneno hayo mawili yamewarudisha wanawake wengi ndani kuliko ugonjwa wa magoti.

Wewe mwenyewe, usisubiri uwe na miaka 50. Katika orodha yako ya vitu vya harusi, pale penye manukato na vitanda, weka jozi moja ya viatu vya kutembelea. Mwambie mumeo mapema kwamba mnapenda kuwa nje pamoja, ili isije ikawa habari mpya baada ya watoto wanne. Jifunze kuogelea sasa, kisha mfundishe binti yako.

Sisi tunajiandaa na dago la tatu, inshallah, safari hii Pemba, upande wa Vumawimbi. Tutakwenda siku za maji mafu. Mkubwa wetu atakuwa ametimiza 59, na ameshasema kwamba hema lake litakuwa la juu kabisa.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya kumwabudu ndani na nje, na miguu ya kutufikisha Muzdalifa kabla haijachoka. Amin.